Kikapu Kisichopimwa

"Mimi si gunia la mbata, bwana! Nipande mizani mbele ya wanaume, kwani naenda kuuzwa?"

Duka zima likaangua kicheko. Ilikuwa siku ya ndege, na siku hiyo dukani kwa Bwana Mohdhar, mtaa wa Langoni, hapakuwa na pa kuweka mguu. Wasafiri na wasindikizaji wao, wachukuzi, kuku ndani ya matenga, harufu ya iliki na samli, vyote vilijazana mbele ya meza ndogo ya pembeni. Nyuma ya meza hiyo alikaa wakala mpya wa kampuni ya ndege, kijana mwembamba aliyevaa kanzu iliyopigwa pasi ikanyooka na kofia ya vito, jasho la aibu likimtiririka.

"Nisamehe, Bi Jamila," alisema. "Ndege yenyewe ndogo. Rubani asipojua uzito wa kila mtu, haruki."

"Basi akisie! Kwani hana macho?"

Hapo mlango wa uani, unaotenganisha duka na nyumba ya Bwana Mohdhar, ukafunguka kidogo. Ukajitokeza mkono mmoja wenye hina, na nyuma yake sauti ya msichana.

"Baba, mizani iingizwe huku uani. Bi Jamila nitampima mimi. Ratili zake nitamnong'onezea bwana huyo hapa mlangoni, asisikie mwingine."

Mizani ikaburutwa hadi uani. Bi Jamila akaingia akilivuta buibui lake kama malkia aliyeshinda vita. Baada ya kitambo, wakala akasogeza sikio kwenye upenyo wa mlango.

"Mia na sabini," sauti ilinong'ona. "Na ukimcheka nitakusikia."

"Sithubutu. Nani mwenzangu?"

"Mizani."

Kijana akaandika huku akiuma mdomo ili asicheke. Jina lake lilikuwa Kamaludin. Jina la mizani, alikuja kulijua juma lililofuata, lilikuwa Umulkheir.

Tangu siku ile, wanawake wote waliosafiri kwa ndege walipimwa uani na Umulkheir. Naye alijifunza mambo ya ndege bila kuwahi kuipanda: kwamba inatua ng'ambo, kisiwani Manda, kwenye ukanda uliofyekwa msituni, kwamba kabla haijatua hufukuzwa paa, kwamba uzito ukizidi lazima mtu ashuke.

"Na nani hushuka?" aliuliza siku moja kupitia upenyo ule.

"Mtu wa kampuni akiwamo, yeye ndiye wa kwanza. Ndiyo sheria. Abiria kalipa, sisi twapanda bure."

"Kumbe wewe ndiwe mzigo wa ziada."

"Mimi mzigo mwepesi, Umu. Mtu akinibeba hachoki."

"Maneno ya Mombasa hayo. Yapeleke huko huko."

Lakini usiku alilala akiyarudia maneno ya Mombasa, mto ukiwa juu ya uso ili mamake asisikie anavyocheka peke yake.

Mombasa ndiko kulikotia doa. Kamaludin alikuwa mtoto wa nyumba kubwa ya mtaa wa Mkomani, marehemu babake akiheshimika mji mzima, lakini yeye alikaa Mombasa miaka mingi kabla ya kurudishwa Lamu na kampuni. Alipotuma wazee kumposa Umulkheir, Bwana Mohdhar aliwanywesha kahawa, akawapa halua, akaomba muda wa kufikiri hadi Ijumaa ya kwanza ya mwezi ujao. Walipotoka, alibaki akizungusha tasbihi.

"Kijana mzima, ana kazi, ana sura, hana mke?" alimwambia bintiye. "Mabaharia walikuwa na mke kila bandari. Hawa wa ndege watakuwa na mke kila panapotua."

"Baba, ndege inatua Malindi na Mombasa tu."

"Basi wawili. Wewe wa tatu."

Umulkheir akacheka. Lakini shaka ni kama mchwa: huwaoni, ila ukuta unaanza kutoa vumbi. Alianza kutazama kupitia upenyo wa mlango, si kusikiliza tu. Ndipo alipokiona kikapu.

Kilikuwa kikapu cha ukindu chenye kifuniko, kimefungwa kitambaa kibichi. Kamaludin alikuja nacho kila siku ya ndege, akakiweka chini ya meza, kati ya miguu yake. Kila mzigo ulipimwa, hata tasbihi za mahujaji. Kikapu kile hakikupanda mizani hata mara moja. Mchukuzi alipokigusa, Kamaludin alimrukia.

"Hicho acha! Nitakibeba mwenyewe."

Na siku hizo, upenyo wa mlango ulileta harufu. Si udi, si halwaridi. Ilikuwa harufu ya asumini mbichi, imekaa mikononi mwake na katika mikono ya kanzu yake.

Bi Jamila alirudi kutoka Mombasa, na hata kabla hajavua buibui alikuwa uani kwa Umulkheir.

"Mwanangu, nakupenda ndipo nakwambia. Kile kikapu cha mposaji wako, nimeona anayekipokea. Mwanamke! Mweupe, bangili hadi hapa, buibui la hariri. Alikifunua pale pale uwanjani, akatia pua ndani, akafumba macho. Mwanamke hafumbi macho hivyo kwa kunusa samaki."

"Huenda ni dadake."

"Hana dada. Ulizia."

Umulkheir hakuulizia. Siku ya ndege iliyofuata, Kamaludin alipoitwa nje na nahodha wa mashua, yeye alijitanda buibui, akachomoka mlangoni, akainama chini ya meza na kuinua kifuniko.

Vikuba. Vikuba vilivyopangwa safu safu juu ya jani la mgomba, asumini na rehani na vilua, vimefungwa kwa mkono wa ustadi. Mwari wa Lamu havai kikuba. Kikuba huvaliwa na mke, kifuani, kwa ajili ya mumewe. Mwanamume anayempelekea mwanamke vikuba kila juma, huyo mwanamke hana jina jingine ila mke.

Kamaludin aliporudi, alimkuta amesimama nyuma ya mlango, upenyo umebaki mdogo kama uzi.

"Kikapu ni cha nani?"

"Umefungua?"

"Nimekuuliza cha nani."

"Siwezi kukwambia, Umu. Ni sitara ya mtu."

"Mwanamume au mwanamke?"

Yeye hakujua kusema uongo, na hilo lilimponza.

"Mwanamke."

"Unampenda?"

"Kuliko roho yangu. Lakini si kama unavyodhani. Niamini, mpenzi wangu, bila ya kuniuliza."

"Mimi hupima, Bwana Kamaludin. Sikisii."

Mlango ukafungwa. Ijumaa ya ahadi, wazee walipokuja kuchukua jibu, kahawa waliyopewa haikuwa na halua.

Mambo ya kampuni nayo yalikuwa yamechacha. Wakubwa wa Mombasa walilalamika kwamba ndege inakuja Lamu imejaa na kurudi nusu tupu, hakuna mzigo wa kulipia mafuta. Huenda wakaikata safari, ndege iishie Malindi. Kamaludin alikuwa akipigana nao kwa maneno, akitaja kamba wanaovuliwa Kizingitini, akitaja hiki na kile. Sasa aliacha kupigana. Aliomba mwenyewe arudishwe Mombasa, na siku ya ndege ikafika yeye akiwa mmoja wa abiria, na sanduku lake limepangwa pamoja na ya wengine.

Umulkheir alijua. Alikaa uani karibu na mizani, macho yamevimba, akipima wanawake bila kuwatazama nyuso. Siku hiyo kikapu hakikuonekana chini ya meza, na jambo hilo nalo lilimkera. Kwani kikapu cha nini tena, ikiwa anamwendea mwanamke huyo mwenyewe?

Abiria wa mwisho aliingia kwa mlango wa nyuma. Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, buibui lake limepauka lakini limeshonwa upya kwa uangalifu. Mkononi alibeba kikapu cha ukindu kilichofungwa kitambaa kibichi.

Umulkheir aliinuka. "Bi, kikapu hicho umekipata wapi?"

"Kwangu," alisema yule mwanamke, akaufunua uso. Macho yale Umulkheir aliyajua. Aliyaona kila juma katika upenyo wa mlango. "Mimi ni Bi Esha, mamake Kamaludin. Funga mlango huo, mwanangu. Na huu mwingine."

Akafunga yote miwili.

"Tazama vidole vyangu," Bi Esha alisema. Ncha zake zilikuwa zimejaa vijitobo vya sindano, na kijani cha rehani kimeingia kwenye kucha. "Mume wangu aliniachia nyumba kubwa na jina kubwa. Jina haliliwi. Asumini iko uani kwangu, na mkono ninao. Kwa bahari maua hunyauka ndiani, kabla ya kufika. Kwa ndege hufika yangali na umande. Yule mwanamke wa bangili hupamba maharusi Mombasa. Huvinunua vyote."

"Kwa nini hakuniambia?"

"Nilimwapisha. Mke wa fulani anauza maua! Mji huu ungeninong'ona hadi kaburini. Hata kampuni hakuwaambia. Alikipeleka kama mzigo wake mwenyewe. Yana usiku kaniambia anakwenda zake. Nikamuuliza, na posa? Akasema, imevunjika. Nikamuuliza, yuu ya nini? Akaninyamazia. Mwanangu hunyamaza anapotaka kunisitiri. Nikajua ni yuu yangu."

Umulkheir alipiga magoti, akaishika ile mikono, akaibusu. Ilinukia vile vile kama kanzu ya Kamaludin.

"Inuka, nipime," Bi Esha akasema, akijikausha kwa ncha ya buibui. "Nakwenda Mombasa miye mwenyewe, na kikapu kwa jina langu. Nimeshalipa nauli kwa babako. Na kikapu kipime pia. Kimechoka kujificha chini ya meza."

Umulkheir alimpima, akapima na kikapu. Kisha akafungua upenyo wa mlango kidogo.

"Abiria wa mwisho," alinong'ona, akataja uzito. "Na kikapu chake."

Kalamu ya Kamaludin ikakwaruza. Ikasimama.

"Tumezidi," alisema kwa sauti kavu.

"Basi ashuke mtu."

"Nani?"

"Wewe uliniambia sheria. Au sheria nayo ilikuwa maneno ya Mombasa?"

"Umu, huu si wakati wa mchezo. Huyo abiria ni nani?"

"Ni mamako!" Bi Esha akadakia kwa nguvu, duka zima likageuka. "Na vikuba ni vyangu, nimevifunga kwa mikono yangu, anayetaka kununua aje Mkomani! Sanduku lako litoe, Kamaludin. Kiti ni changu."

Hakuna aliyecheka. Bi Jamila, aliyekuwa amekuja kusindikiza mtu na kusikiliza yaliyopo, akajipenyeza hadi mlangoni.

"Bi Esha," aliita kwa unyenyekevu, "mimi nina mkilua mzima unaangusha maua bure. Ndege hiyo itachukua na kikapu changu?"

"Kama kitapimwa," Umulkheir akajibu.

Bwana Mohdhar alimvusha Bi Esha hadi Manda kwa mashua, na bintiye akaenda naye, kwa kuwa haifai mwanamke wa heshima asindikizwe na wanaume peke yao. Pale kwenye ukanda jua lilichoma, mfuko wa kuonyeshea upepo ulipepea juu ya mlingoti. Bi Esha alipanda ngazi bila kugeuka, kikapu kimefunuliwa. Ndege ikanguruma, ikakimbia, vumbi likawafunika wote.

Vumbi lilipotua, Kamaludin, aliyevuka na mizigo ya abiria, alikuwa amesimama kando ya sanduku lake lililobaki, kanzu imegeuka rangi ya udongo.

"Nitawaambia kampuni nimebadili nia," alisema. "Na nitawaambia mzigo wa kurudi upo. Maua hayana uzito, lakini hulipa vizuri." Akamtazama. "Na wewe? Sasa unaniamini?"

"Ungeniambia."

"Nilikula kiapo."

"Najua. Ndiyo sababu nakuamini." Akavuta buibui karibu na uso, tabasamu limejificha nusu. "Lakini kuanzia leo, hakuna kikapu kitakachopita bila kupanda mizani yangu."

"Na mimi?"

"Wewe wa kwanza."

Nyuma yao Bwana Mohdhar alikohoa kikohozi kirefu kisicho na mafua.

"Niwalete wazee tena?" Kamaludin aliuliza haraka haraka, kabla kikohozi hakijaisha.

Umulkheir alimtazama babake. Mzee alikuwa akiangalia angani, ndege imebaki ndogo kama inzi.

"Walete Ijumaa," Bwana Mohdhar alisema. "Halua itakuwapo. Na huyo wa Malindi, tafadhali, tuambie mapema."

"Wa Malindi hayuko, baba!"

"Tutaona," alisema mzee, akatangulia kwenye mashua.