Sanduku Lililotoka Ufaransa

Haya yalimfika rafiki yangu Apolinary, mwashi wa misheni moja ya Mwanza, mwaka wa uhuru. Padri alimwita kwenye stoo isiyo na dirisha wafungue sanduku la mbao lenye jiwe lililotoka katika kanisa la kwao Ufaransa.

"Kanisa lile lina miaka mia nane, na majina ya waashi wake yamechongwa ukutani," Padri alisema.

"Na jina la baba yangu, Padri? Alikufa akichonga mawe ya mnara wa kanisa lenu hapa."

"Hapa tunamjengea Mungu, mwanangu."

"Kumbe Mungu wa Ufaransa ndiye anayejua kusoma."

Mara ikasikika tindo ikigonga jiwe gizani, taratibu, ndani ya sanduku. Ilinyamaza walipong'oa misumari. Jiwe jeupe lilikuwa zima. Kwenye majani makavu yaliyolizunguka vilitapakaa vipande vya mawe ya kijivu ya Mwanza, kama yale ya mnara, na vilikuwa bado na joto.