Mburuzo wa Mguu wa Kushoto

Saa sita mchana kantini ya studio ilikuwa soko hasa. Maharamia waligombea haradali na watawa, malkia wa Misri alikula soseji huku kashika taji lisimtumbukie kwenye sahani, na katikati yao alipita Nettie Brannigan, mcheza ngoma wa safu ya nyuma, na sinia lake mkononi. Alikuwa amevaa vazi la bata mweupe lenye mkia wa manyoya. Alipogeuka kutafuta kiti, mkia wote ukazama kwenye supu ya mtu.

"Dada," sauti ikasema nyuma yake, "mimi niliagiza supu ya kuku. Hii sasa ni ya bata."

"Basi shukuru, umeongezewa nyama."

Kugeuka, akamwona kijana mrefu, suti ya kijivu iliyopauka viwikoni, nywele zimelazwa kwa mafuta, na tabasamu ambalo, jamani, serikali ingelipiga marufuku. Aliitwa Wendell Croft, msaidizi wa mwalimu wa ngoma. Yeye ndiye aliyewafundisha mastaa kila hatua, lakini jina likaandikwa la mwingine. Akavuta kiti. Nettie akakaa, mkia unachuruzika supu, na tangu siku hiyo ikawa hawaachani.

Ilikuwa mwaka wa arobaini na sita, vita vimekwisha, na Hollywood nzima ilitaka kucheka na kucheza. Simu ya koridoni kwenye nyumba ya Bi Pruitt, alikopanga Nettie, haikupoa.

"Bata wangu, umekula?"

"Nimekula, nimeoga, na Bi Pruitt amesimama hapa anasikiliza."

"Msalimie."

"Anakusalimu!" Nettie akapaza sauti, na Bi Pruitt akajifanya anafuta vumbi kwenye taa.

Jumapili Wendell alikuja jikoni kusaidia kuosha vyombo. Jumapili moja, redio inaimba, Nettie amechoka, akasahau kujificha. Maana alikuwa na siri. Utotoni kule Ohio alianguka kutoka darini mwa zizi, kifundo cha mguu wa kushoto kikaunga vibaya, na akichoka mguu ule hubaki nyuma: tak-tak-tak, halafu shaaa. Studio wangejua, siku hiyohiyo angefungishwa virago. Miaka sita alikuwa akitabasamu mbele ya kamera huku ameuma meno.

"Rudia hiyo," Wendell akasema, sahani imemganda mkononi.

"Nirudie nini? Kilema changu?"

"Kilema gani, we mwanamke? Hiyo ndiyo ngoma yenyewe!"

Wakaitunga palepale: mwanamke na kitambaa cha vyombo, hatua tatu na mburuzo, hatua tatu na mburuzo, mpaka anamtupia mwanamume kitambaa usoni na kutoka mlangoni. Dakika tatu kamili. Nettie alilia na kucheka kwa pamoja, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuupenda mguu ule, hata mama yake mzazi.

"Nikipewa filamu yangu, utaicheza wewe," Wendell akasema. "Peke yako. Uso wako, jina lako."

"Apa."

"Haki ya mama yangu."

"Mama mwenyewe hujampigia tangu Krismasi!"

"Basi naapa kwa viatu vyangu."

Hapo akamwamini. Wendell alivipenda viatu vyake kuliko watu wengi.

Na kweli filamu akaipata. Kichekesho cha nyimbo na ngoma, staa wake Coraline Vance, mrembo wa nywele za dhahabu ambaye wakati mwingine alifungiwa mlango wa studio ili watu wasimwone akifundishwa. Simu zikaanza kuadimika.

"Mbona siku hizi umekuwa adimu hivi?"

"Kazi, kipenzi. Coraline hajui kushoto wala kulia."

"Na ngoma yetu?"

"Ipo. Wewe tulia tu."

"Anasemaje?" Bi Pruitt akauliza.

"Anasema nitulie."

"Mume wangu naye alisema hivyohivyo. Sasa yuko Nevada na mke mwingine."

Jumatatu moja asubuhi Nettie akaitwa chumba cha sauti. Kazi hiyo aliijua: wakati wa kupiga picha ngoma huchezwa kwa kufuata santuri, na mlio wa viatu hutiwa baadaye. Mchezaji husimama juu ya ubao, anaitazama picha ukutani, anagonga hatua ileile kwa wakati uleule. Akafunga viatu vyake vyenye vibati vya kugongea chini ya soli. Mzee Gus, fundi sauti, akazima taa.

Kwenye picha likatokea jiko. Beseni. Kitambaa cha vyombo. Coraline Vance akageuka na aproni iliyopigwa pasi, akacheza hatua tatu, halafu akauburuza mguu wake wa kushoto, mzima kabisa, mzuri, usiojua kuvunjika.

Miguu ya Nettie haikugusa ubao.

"Binti, umechelewa kuingia," Mzee Gus akasema. "Tuanze tena?"

Mlango ukafunguliwa, Wendell akaingia, suti mpya.

"Nimekuombea mwenyewe kazi hii," akasema haraka. "Nimejaribu wasichana wanne. Hakuna anayeweza kuutoa ule mburuzo ila wewe."

"Umeniombea!"

"Studio waliniambia nimpe Coraline ngoma au niondoke. Ningefanyaje, mpenzi? Filamu ijayo..."

"Nilikuonyesha kidonda changu, Wendell. Hata mama yangu sikumwonyesha hivyo. Wewe ukaenda kumvisha mwenzio, ukampigia na pasi!"

Wendell akaingiza mkono mfukoni, akatoa kijisanduku, akakifungua. Pete iling'aa kwa mwanga wa picha. "Nilitaka nikupe Jumapili. Nioe... yaani, nikuoe. Nakupenda, Nettie, Mungu shahidi."

Nettie mwenyewe alijua kwamba hasemi uongo. Hilo ndilo lililomchoma zaidi, kwamba alimpenda, na bado alimuuza.

"Na unanipa leo kwa nini? Nivae ndipo niburuze?"

Nettie akamgeukia fundi. "Mzee Gus, washa."

Picha ikaanza. Akagonga kila hatua, safi, bila kukosea hata moja. Ila mguu wa Coraline ulipoburuzwa, wake aliuinua juu, ukatulia hewani kimya. Mara ya kwanza, ya pili, mpaka mwisho wa dakika tatu.

"Binti, mbona mburuzo hauna sauti?"

"Hatua nimewapa. Mburuzo ni wangu." Akavua viatu, akatoka pekupeku. Safari hii aliacha mguu ufuate nyuma utakavyo, mbele ya watu wote.

Wendell alipiga simu mara kumi na tisa. Bi Pruitt alijibu kila mara, "Amehama," na Nettie amesimama pembeni yake, kiganja mdomoni, machozi yanamtiririka.

Msimu wa machipuko filamu ikatoka. Nettie na Bi Pruitt wakaenda onyesho la mchana, na mfuko wa bisi. Jina la Wendell Croft lilikaa kwenye pazia peke yake, kubwa. Kisha likaja jiko. Tak-tak-tak, na mguu ulipoburuzwa, matarumbeta yakalipuka: paaa! Watu wakavunjika mbavu, wakidhani ndio utani wenyewe.

"Mbona pale hakuna mlio wa kiatu?" Bi Pruitt akanong'ona. "Wameficha nini?"

Tak-tak-tak, ikaja tena, na gizani, chini ya kiti, Nettie akauvuta mguu wake wa kushoto sakafuni. Shaaa. Mburuzo uliingia mahali pake barabara.

Bwana wa mbele akageuka. "Dada, miguu!"

"Samahani," Nettie akasema.

Hatua tatu zikarudi, na akauburuza tena.