Kopo la Akiba

Chumba cha mbele kilikuwa na cherehani, meza ya kukatia nguo na kabati moja. Juu ya kabati kulikuwa na kopo la biskuti. Biskuti zenyewe ziliisha zamani. Sasa ndani mlikuwa na dawa. Kulikuwa na vidonge vilivyobaki mama mkubwa alipong'olewa jino, vilivyobaki mjomba alipoumwa kifua, na vingine ambavyo hakuna aliyekumbuka vilitoka kwa nani.

Mwenye kopo alikuwa bibi. Mtu wa mtaani akikohoa, aliambiwa, "Nenda kwa bibi." Akiumwa tumbo, "Nenda kwa bibi." Naye hakuwa mchoyo. Huyu alimpa viwili, yule vitatu, na vilivyobaki alivirudisha ndani.

"Akiba haiozi," alikuwa akisema.

Mjukuu wake alikuwa darasa la sita. Watu walimwita Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Wiki hiyo darasa lao lilikuwa likiandaa maonyesho. Kila kundi lilichagua tatizo moja linaloisumbua dunia nzima.

"Mimi siku hiyo nitakaa nyuma kama mgeni," mwalimu aliwaambia. "Mtapanga nyinyi, mtasema nyinyi. Na mkiulizwa maswali, mtajibu nyinyi."

Kundi la Chiriku lilichagua dawa zinazoshindwa kuua vijidudu. Walikwenda kumhoji muuguzi wa zahanati, wakaandika maneno yake kwenye bango.

Jumatatu, sindano ya cherehani ilimchoma mama kidole cha shahada, mkono wa kulia. Jumanne kidole kilivimba. Bibi akashusha kopo.

"Meza viwili, mwanangu. Kesho viwili tena."

"Ni vya nini, mama?"

"Vya uvimbe. Dada yako shavu lilimvimba kama mpira, vikamsaidia."

Chiriku alikuwa amesimama mlangoni na bango lake. Alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: USIMEZE DAWA YA MTU MWINGINE. Alifungua mdomo. Akaufunga. Mtoto atamwambiaje bibi yake kwamba amekosea? Alilikunja bango, akapita kimya kama maji ya mtungi.

"Mke mwenzangu," bibi alimtania, "leo ulimi umeuacha shuleni?"

"Hapana, bibi. Nimechoka tu."

Jumatano uvimbe ulipungua kidogo. Bibi alifurahi, akavirudisha vidonge vilivyobaki kwenye kopo. "Umepona. Vya nini kuvimaliza? Kuna mwingine atavihitaji."

Chiriku alisikia. Kwenye bango, mstari wa pili ulisema: MALIZA DAWA KAMA ULIVYOELEKEZWA. Roho ilimuuma, lakini hakusema neno.

Ijumaa alasiri alirudi kutoka shule akakuta cherehani iko kimya. Mkasi ulikuwa chini. Mama alikuwa ameketi akiegemea ukuta, anatetemeka, na mwili wake ulikuwa moto. Kidole kilikuwa chekundu, kimevimba hadi kiganjani. Mstari mwekundu ulikuwa umeanza kupanda mkononi.

Bibi alikuwa amefungua kopo. Vidole vyake vilihangaika ndani. "Vile viwili vilikuwa vichache," alisema. "Sasa nampa vinne."

"Bibi, usimpe!"

Bibi aligeuka. "Unanipigia kelele mimi?"

Chiriku alikumbuka kwamba hata hajasalimia. "Shikamoo, bibi. Nisamehe. Lakini usimpe. Hivyo si vyake, na hatujui kama ni vya ugonjwa huu. Twende zahanati."

"Na nguo za watu?" mama aliuliza kwa sauti ndogo. "Niliahidi ziwe tayari Jumatatu."

"Utazishona kwa mkono upi, mama?"

Bibi aliutazama mkono wa binti yake. Akaufuata kwa macho ule mstari mwekundu. Kisha alifunika kopo, akalitia kwapani. "Mshike mama yako upande ule," alisema.

Zahanati ilikuwa karibu kufungwa. Tabibu aliutazama mkono, na papo hapo akamwingiza mama chumba cha ndani. Muuguzi alibaki na bibi.

"Amemeza nini?"

Bibi alimimina kopo lote mezani, akaonyesha vya rangi mbili. Muuguzi alivitenganisha vidonge polepole.

"Hiki ni cha maumivu. Hivi muda wake uliisha mwaka juzi. Hiki hata mimi sikijui. Na hivi vya rangi mbili, alivyomeza, ni antibiotiki, yaani dawa ya kuua bakteria."

"Si ndiyo hiyo inayotakiwa?"

"Ziko nyingi, bibi, na kila moja ina kazi yake. Kidonda hiki huenda kinataka nyingine. Tena alimeza siku mbili tu. Ni kama kupalilia nusu shamba. Yale magugu unayoyaacha ndiyo yatakayotoa mbegu. Bakteria wanaobaki wanazaana. Wakizoea dawa, wanakuwa sugu, na siku nyingine dawa ileile hawaiogopi."

"Na wakiwa sugu wanaambukiza wengine," Chiriku alisema taratibu. "Wanasafiri na watu, nchi hadi nchi."

Bibi aliangalia vidonge vyake. "Lakini akiba haiozi."

"Akiba ya mahindi, sawa. Ya dawa inaoza, bibi. Nayo inaweza kuozesha mkono wa mtu," muuguzi alisema.

Macho ya bibi yalijaa machozi. "Basi ni mimi niliyemuumiza mwanangu."

"Sindano ndiyo iliyomuumiza," muuguzi alisema. "Wewe umemchelewesha."

Walisubiri kwenye benchi. Mwishowe tabibu alitoka.

"Tumetoa usaha, na nimemchoma sindano. Mngekaa siku mbili zaidi, labda tungekuwa tunazungumzia kukata kidole." Alimpa bibi pakiti. "Kidonge kimoja kila baada ya saa nane, kwa siku saba. Hata maumivu yakiisha siku ya tatu, aendelee hadi amalize. Kesho arudi nimwone. Homa ikizidi au mstari ukipanda, msisubiri kesho, mleteni saa hiyohiyo."

Bibi aliviacha vidonge vyote mezani kwa muuguzi, viteketezwe kwa njia salama. Alirudi nyumbani na kopo tupu.

Asubuhi homa ilikuwa imeshuka. Mama mkubwa alimpeleka mama zahanati, na bibi akaenda kwenye maonyesho. Alikaa kiti cha mbele. Chiriku alimwona, akalikunjua bango. Alisema yote yaliyokuwa kwenye bango, bila kukosea.

Kisha baba mmoja akanyanyua mkono. "Binti, unatufundisha vizuri. Je, nyumbani kwenu hamfanyi makosa hayo?"

Chiriku alimtazama mwalimu. Mwalimu alikuwa nyuma, anaangalia viatu vyake. Akisema hapana, atakuwa mwongo. Akisema ndiyo, atamvunjia bibi heshima mbele za watu. Alipiga moyo konde.

"Tumefanya wiki hii," alisema. "Mama yangu yuko zahanati kwa ajili hiyo. Nilijua ni makosa tangu Jumanne. Nilikuwa na bango hili mkononi, nikanyamaza hadi Ijumaa. Kosa ni langu."

"Si lako!" Bibi alikuwa amesimama. "Msitafute mchawi. Kopo ni langu. Wengi wenu mmekula vidonge vyangu, na mimi ndiye niliyewapa. Msije tena." Kisha alimwonyesha mjukuu wake. "Na huyu, akiwaambia neno, msimwambie ni mtoto."

Mama alimeza vidonge vyake hadi cha mwisho. Bibi alihesabu kila kimoja. Baada ya wiki tatu cherehani ililia tena, na wenye nguo, ambao walinung'unika kwanza, walikuja kuzichukua.

Siku moja jirani aliingia anakohoa. "Bibi, najua ulisema. Lakini kimoja tu. Kifua kimenibana."

Bibi alishusha kopo, akalitikisa. Likalia kama zamani. Chiriku aliacha kuandika.

"Unataka cheupe au cheusi?" bibi aliuliza.

"Chochote, bibi."

Bibi alifunua kopo. Lilikuwa limejaa vifungo vya mashati.

"Hivi vinafunga kifua cha shati," alisema. "Chako tunakipeleka zahanati. Mke mwenzangu, niletee viatu vyangu."