Mbiu Ilipomtangaza Mzee Mwinshehe

Bibi harusi alibandika kiganja kwenye nguzo ya utambuzi huko Urambo, na kabla hajakiondoa, mji wote wa Tabora ulikuwa umeshalijua jina lake jipya. Benki ilijua, zahanati ilijua, treni ya angani ilijua, hata mlango wa nyumba ya mumewe ulijua. Kwenye ukumbi wa mitambo mjini Tabora, ubao mkubwa ukaandika: TUKIO: NDOA. WAPOKEAJI WOTE WAMEPATA.

"Hiyo ndiyo Mbiu," mhandisi Nyamizi Kapalata aliwaambia wageni kutoka Bujumbura, kifua mbele. "Zamani mtu alizunguka ofisi hadi soli ziishe. Siku hizi anasema mara moja, mitambo inaambizana. Na Mbiu ikishatoka, haifutwi. Jana ilitangaza kifo kwa kasi ambayo hatukuwahi kuifikia."

Alikuwa na haki ya kujidai. Mtambo ule aliuunda yeye na wenzake, watu wa Tabora watupu, na sasa nchi jirani zilipanga foleni kuuomba.

Ndipo mlango ukagongwa.

Wageni walitazamana. Milango ya mji ule ilimtambua kila mtu na kujifungua, kugonga kulishasahaulika. Nyamizi akaufungua kwa mkono, akaingia mzee mmoja akitweta, shati limelowa jasho.

"Wewe ndiye Mnyamwezi uliyeniua?"

Aliitwa Mzee Mwinshehe, Mzaramo wa Kanyenye. Jana alikwenda kwenye msiba wa rafiki yake Mnyamwezi, na kama ilivyo ada ya watani wa makabila hayo mawili, alikwenda kuwachekesha wafiwa. Jamaa walipotaka kuandikisha kifo kwenye nguzo, akawasukuma kando, akabandika kiganja chake na kupaza sauti: "Marehemu ni mimi! Nizikeni!" Watu walicheka hadi machozi. Nguzo haijui utani, ikaandika ilichoambiwa.

"Kabati la dawa ya moyo limenifungia tangu jana," alisema. "Eti marehemu hapewi dawa."

"Babu, Wazaramo mmezidi!" Nyamizi alijaribu kutania, huku akikimbilia mtambo. Mbiu haikuwa na tukio la mtu kurudi. Mbele ya wageni wake akaketi mezani, akaunda tukio jipya kwa mkono: YU HAI. MBIU ILIKOSEA. Aibu ilimjaa, akalituma hivyo hivyo. Kabati la dawa la ukumbini likafunguka. Mzee akameza vidonge, akashushia maji.

"Mtambo wako hodari, mjukuu wangu, sisemi uongo," alisema pumzi ilipomrudia. "Benki ilijua nimekufa. Treni ilijua. Nikakaa barazani kwangu nikiwangoja watu."

"Watu gani, babu?"

"Wa msiba wangu. Nilisema akifika mtani wa kwanza nitamkurupusha na fimbo, tucheke." Akafuta midomo. "Hakuja hata mmoja. Zamani ukisikia kifo unakimbia kumwambia jirani. Siku hizi kila mtu anaiachia Mbiu."

Nyamizi alikumbuka. Jana alilisoma jina lile ubaoni yeye mwenyewe, Mnyamwezi, mtani, wa kwanza kabisa kupata habari, na alichotazama ni kasi tu. Akaiacha meza, akaketi sakafuni miguuni pa mzee.

"Pole, mtani," alisema. "Nimechelewa msibani kwako."

"Na umekuja mikono mitupu! Wanyamwezi bwana!"

Mzee Mwinshehe akaangua kicheko, na katikati ya kicheko kile akaanza kulia.