Kizibo Kwenye Bomba la Hita

Mume wangu hapendi kitu kinachovuja. Akisikia bomba linadondosha matone, hatulali. Ataziba kwa mpira, kwa tambara, hata kwa kipande cha sabuni. Watoto wetu wanamwita Baba Kizibo, naye anacheka tu.

Wakati wa kisa hiki tulikuwa tunahama kwa ajili ya mama yake. Magoti yalimsumbua, na nyumba yetu ilikuwa na ngazi nyingi. Nyumba mpya haikuwa na ngazi. Tena ilikuwa na bafu la maji moto, karibu na chumba chake.

"Mwanangu," mama mkwe aliniambia, "nikiyakanda haya magoti kwa maji moto, nitakwenda sokoni mwenyewe. Utaona!"

Kabla ya kuhamia, nilimwomba jirani yetu aikague nyumba. Yeye ni fundi bomba. Mtaa mzima unamwita Dada Spana. Mume wangu na mama walitangulia. Mimi na Dada Spana tulipofika, tulimkuta mama bafuni, amekaa kwenye kigoda, taulo begani. Juu ya kichwa chake, ukutani, palikuwa na tangi la kupasha maji, yaani hita.

"Mmechelewa," mume wangu alisema kwa furaha. "Hita nimeshawasha. Kuna kibomba kilikuwa kinadondosha maji, nimekiziba."

Dada Spana aliinua macho. Bomba jembamba lilitoka kwenye hita likashuka ukutani. Mdomoni mwake palikuwa na kijiti, kimekazwa kwa mpira.

"Mama, tutoke nje," alisema.

"Nitoke niende wapi? Sijaoga!"

"Utaoga, mama yangu, lakini si sasa. Shemeji, kazime umeme kwenye swichi kuu. Hicho kijiti usikiguse!"

Hakuwa anatania. Nilimshika mama mkono. Nilitaka tukimbie, lakini yale magoti hayakuweza. Tulitoka hatua kwa hatua. Mume wangu alizima umeme, akatufuata uani. Tukakaa kungoja maji yapoe.

"Kwani nimefanya nini?" aliuliza.

"Shemeji, maji yakichemka kwenye sufuria, mfuniko unachezacheza. Kwa nini?"

"Mvuke unatafuta njia."

"Ehe! Na ukiukaza mfuniko usitoe hata pumzi?"

Mume wangu aligeuka kuutazama mlango wa bafu.

"Hita ina vali ya usalama," Dada Spana aliendelea. "Joto likizidi au presha ikipanda, vali inafunguka. Maji yanatoka kwa kile kibomba. Ukikiziba, tangi linaweza kupasuka."

Mume wangu alimtazama mama yake. Machozi yalimlengalenga.

"Nimekukalisha chini yake, mama. Nisamehe."

"Nimeshakusamehe, Kizibo wangu. Ila leo mikono hiyo itie mfukoni."

Tulicheka, naye akacheka huku akijifuta macho.

"Sasa mbona hilo bomba lilikuwa linavuja?" niliuliza.

"Hapo umesema! Lilikuwa linatuambia kitu. Bomba usilolijua, lifuate kwanza kwa macho. Linatoka wapi? Linakwenda wapi? Linabeba nini? Ukikwama, mwite fundi."

"Kuuliza si ujinga," mama aliongeza.

Maji yalipopoa, Dada Spana aliondoa kijiti. Alikagua hita, akakuta kifaa cha kudhibiti joto kimekufa. Ndiyo maana maji yalipata moto kupita kiasi, na kibomba kikadondosha. Alikibadilisha, akaweka na vali mpya. Kisha akarefusha kibomba mpaka karibu na tundu la maji sakafuni, ili maji moto yasimwagikie mtu. Mdomo wake aliuacha wazi.

Siku tuliyohamia, mama aliingia bafuni akaimba nyimbo zake zote. Mara tukasikia: to! to! to! Mume wangu aliinuka. Nikamkazia macho. Akatia mikono mfukoni, akaenda mlangoni kumwita Dada Spana, aliyekuwa uani akitusaidia kushusha mizigo.

"Dada Spana! Njoo, kuna kitu kinadondosha!"

"Ni mimi, nakamua taulo!" mama alijibu kutoka bafuni.

Alioga hivyo kila siku, akiyakanda magoti taratibu. Asubuhi moja alichukua kikapu, akatuaga, akaenda sokoni peke yake. Mume wangu alisimama mlangoni, mikono mfukoni, akimtazama mpaka alipopinda kona.