Bolti Iliyojifanya Nzima

Kila alasiri, baada ya kurudi shuleni na kuvua sare, Mawingu alikuwa akimshika bibi yake mkono, akimvusha ua na kumketisha kwenye kiti cha nyuma cha gari. Gari lenyewe halikuwa likienda popote. Lilikuwa limeegeshwa kando ya ukuta tangu lilipoanza kuchemka ovyo, na kuku wa jirani walikwisha kuligeuza nyumba yao. Mawingu alikaa nyuma ya usukani, akafunga mlango taratibu na kuuliza, "Abiria, tayari?"

"Tayari, dereva. Twende zetu," bibi alijibu.

Basi wakaenda. Mawingu alisimulia alichokiona barabarani: ziwa la buluu lililolala kimya, ng'ombe weupe waliokuwa wakivuka daraja, mji wenye madirisha yanayometameta. Bibi aliegemea kiti, akatabasamu. Macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho, na hata sura ya mjukuu wake aliiona kama mtu aliyesimama nyuma ya chandarua. Ndiyo maana alizipenda sana safari hizo.

Jina la Mawingu alipewa kwa haki. Akili yake haikukaa chini. Mwalimu akiuliza swali, yeye yuko juu huko anaelea. Uji ulimpolea mkononi huku akitazama mvuke wake.

Baba yake alikuwa kinyozi, na gari alilitengeneza mwenyewe. "Kinyozi, unalinyoa au unalichana?" majirani walimtania kila walipomwona ameinama kwenye injini. Yeye alicheka tu. Alikuwa amekwisha kugundua ugonjwa wa gari: maji yalivuja kwenye kifuniko kidogo cha chuma, pale bomba la maji linapoingia kwenye injini. Alikifungua, akakisafisha na kuweka gasketi mpya ya kuziba maji yasivuje. Kilichobaki ni kukaza bolti mbili za kukishikilia.

Asubuhi hiyo shule ilikuwa imefungwa, na kazi ilikuwa na haraka. Kesho yake bibi alitakiwa kufika hospitali ya macho, ng'ambo ya mlima, kufanyiwa upasuaji. Zamu hiyo alikuwa ameisubiri kwa muda mrefu mno, na akiikosa angerudi mwisho wa foleni.

Baba alikaza bolti ya kwanza. Kabla hajagusa ya pili, mteja akamwita kutoka kwenye kibanda chake cha kunyolea, pale pale langoni.

"Malizia hii," alimwambia Mawingu na kumpa spana. "Ukihisi imekaza, acha. Usiilazimishe, ni ya zamani na imeliwa na kutu."

"Sawa, Baba."

Mawingu akaanza kuzungusha. Jua lilikuwa likimulika kile kifuniko, nacho kikang'aa kama kilima baada ya mvua. Mawingu akaona barabara nyembamba ikikizunguka kilima, na gari dogo likipanda, likipanda. Mkono uliendelea kuzungusha, mwenyewe hayupo. Bolti ilikaza, yeye hakuhisi. Akavuta tena.

Tak!

Kichwa cha bolti kikaanguka. Mwili wake ukabaki ndani ya injini.

"Umevunja!" sauti ilisema kutoka juu ya ukuta. Alikuwa rafiki yake wa jirani, msichana aliyeitwa Redio kwa sababu habari hazikulala kwake.

"Shh! Nyamaza, tafadhali. Nifanye nini sasa?"

"Kibandike na grisi," Redio alinong'ona. "Nani atajua? Mimi leo nimezima."

Mawingu aliokota kile kichwa, akakipaka grisi na kukirudisha mahali pake. Kilikaa vizuri mno. Baba aliporudi akauliza, "Imekaza?"

"Imekaza, Baba."

Baba aliangalia vichwa viwili vya bolti vilivyotulia pale, akajaza maji na kuwasha injini. Ikanguruma vizuri. Aliizima baada ya muda mfupi tu, kabla haijapata moto, akafuta mikono kwa furaha. "Kesho tunaondoka mapema," alisema, akarudi kwa wateja wake akipiga mluzi. Mluzi ule ulimchoma Mawingu kuliko kofi.

Alasiri ilipofika, bibi alitaka safari yake kama kawaida. "Leo sitaki ziwa," alisema alipokwisha kuketi. "Nipeleke njia ya kesho. Nataka niizoee."

Mawingu alishika usukani. Wakapita shule, wakapita soko lenye miavuli ya rangi, wakaanza kupanda mlima. Hapo maneno yakamwishia.

"Mbona kimya, dereva? Tumefika wapi?"

"Tuko mlimani, Bibi."

"Kuna nini mlimani?"

Mawingu alikiona wazi kabisa alichokuwa akikikwepa tangu asubuhi: mvuke mweupe ukifuka kwenye boneti, na bibi ameketi juu ya jiwe kando ya barabara, amevaa nguo yake nzuri, anauliza kama wamefika.

"Tumesimama, Bibi. Gari linachemka. Limeharibika."

"Nani kaliharibu?"

"Mimi," alisema na kuangua kilio. Alishuka, akakibandua kile kichwa cha bolti na kukiweka kwenye kiganja cha bibi. Bibi akakipapasa kwa kidole gumba, grisi ikimpaka.

"Mjukuu wangu, hiki ni cha safari yetu au ni cha kweli?"

"Ni cha kweli, Bibi."

"Basi nenda ukamwambie baba yako. Nenda sasa hivi, kabla hujapata maneno mazuri ya kuzunguka."

Mawingu alikwenda mbio na kusema yote kwa mkupuo mmoja. Baba aliweka mashine ya kunyolea chini, akatoka. Mteja alimfuata hadi uani, shuka shingoni, nusu ya kichwa inang'aa na nusu bado ina nywele. Alipoona injini, hata yeye alisahau kulalamika.

"Kwa nini uliniambia imekaza?" baba aliuliza.

"Niliogopa Bibi atakosa zamu yake."

"Na kwa uongo ule angeipata?"

Baba alipumua kwa nguvu, akafungua bolti nyingine na kuondoa kifuniko. Kipande kilichovunjika kilichomoza kwenye chuma, kifupi kama penseli iliyochongwa hadi kuisha. "Hiki kikikatika tena kikazama ndani, kesho hatuendi popote," alisema. Alikidondoshea mafuta ya kulainisha kutu, akakigonga kidogo kidogo kwa nyundo, akangoja mafuta yaingie. Kisha akatoa koleo la kubana. Badala ya kulishika mwenyewe, akamkabidhi Mawingu.

"Mimi?" Mawingu alirudi nyuma. "Baba, mimi nitaota tena."

"Hutaota. Msimulie bibi yako kila unachokihisi. Ukinyamaza, nitajua umeshaondoka."

Mawingu akakibana kile kipande. Bibi aliteremsha kioo cha gari na kutega sikio.

"Tumefika wapi, dereva?"

"Ndiyo kwanza tunaanza, Bibi. Imegoma. Ni ngumu kama jiwe."

"Isukume upande wa kukaza, kidogo tu," baba alisema. "Halafu rudi."

"Nakaza... nahisi imetikisika. Sasa narudi. Bibi, imesogea! Imesogea kama unywele!"

"Polepole. Barabara ni mbaya hapo."

"Imegoma tena."

Baba akaongeza mafuta. Wakangoja. Redio alikuwa ameketi juu ya ukuta na mdomo wazi. Mawingu alihisi baridi ya chuma, uzito wa koleo, chembe ya kutu ikisagika ndani. Hakuwahi kuwa mahali pamoja kiasi hicho. Alikaza kidogo, akarudi. Akakaza, akarudi. Kila mara alimwambia bibi.

"Inazunguka nusu. Sasa robo tatu. Bibi, inazunguka yote! Inatoka!"

Kipande kikaangukia kiganjani mwake, chekundu kwa kutu. Mteja alipiga makofi hadi shuka ikamdondoka. Baba alimalizia kumnyoa, akaenda duka la vipuri kununua bolti mpya mbili. Mara hii Mawingu alipokaza, alisema kwa sauti, "Imekaza. Naacha," na akaacha.

Kesho yake gari lilipanda mlima bila kuchemka.

Siku ya kurudi, bibi alikuwa ameondolewa bandeji kwenye jicho moja. Alimtazama Mawingu kwa muda mrefu, akamgusa pua, akacheka na kulia kwa pamoja. Kisha akaketi karibu na dirisha. "Leo zamu yangu," alisema. "Wewe funga macho, nikusimulie."

Alitaja mti, mbuzi, mtoto aliyebeba ndoo, nguo kwenye kamba. Gari lilipoteremka mlima akauliza, "Na lile ziwa liko wapi? Na ng'ombe weupe?"

Mawingu alifumbua macho, akainama kwa aibu. "Havipo, Bibi. Nilivitunga."

"Nilijua tangu siku ya kwanza!" Bibi alicheka. "Tulikuwa wawili na sote tulijua, kwa hiyo ulinipa zawadi. Lakini ile bolti uliijua peke yako. Baba yako aliitegemea, nami ningepanda gari nikiitegemea. Ota, mjukuu wangu, na unichukue nami. Ila mtu akikuuliza kama imekaza, mwambie ukweli, hata kama unatetemeka. Umesikia?"

"Nimesikia, Bibi."

"Haya. Sasa niambie, baada ya ziwa kuna nini?"

Mawingu akatazama nje, ambako palikuwa na vumbi na uzio mrefu tu. "Kuna mashua nyekundu," alisema.

"Ahaa," bibi alisema na kusogea karibu na kioo. "Naiona."