Kidole Kisichokunjika

Msusi alikuwa na saluni ya chumba kimoja. Ndani mlikuwa na kioo kirefu, viti viwili na ndoo ya maji chini ya meza. Wateja walimpenda. Alisuka huku akipiga soga, na mteja alishtukia tu kichwa kimekwisha. Jioni alirudi nyumbani miguu ikimuwaka, akavua viatu mlangoni, akaketi kwanza kabla ya kusalimia mtu.

Asubuhi moja alikuwa akifungua saluni. Mlango ulikuwa wa bati, wa kusukumwa juu. Ulikwama katikati, kisha ukaporomoka. Kidole chake cha shahada, cha mkono wa kulia, kikabanwa kati ya bati na sakafu.

Hospitalini walimwambia mfupa wa katikati wa kidole umevunjika vibaya. Daktari alimfanyia upasuaji. Aliuweka mfupa sawa, akaushikiza kwa waya nyembamba, akafunga bendeji. Wiki zilipita. Waya zikatolewa, kidonda kikafunga, picha ya eksirei ikapigwa tena.

"Mfupa umeunga vizuri," daktari alisema. "Sasa imebaki kazi ya mazoezi. Nenda chumba cha mwisho kwenye korido, wakuonyeshe namna ya kukikunja. Usikae nacho hivihivi."

Msusi alitoka. Korido ilikuwa imejaa watu, mabenchi yote yana wenyewe, wengine wameegemea ukuta. Alikuwa hapo tangu asubuhi, na tumboni hamkuwa na kitu. Alitazama mlango wa chumba cha mwisho. Akajiambia atarudi siku nyingine. Akaenda nyumbani kulala.

Siku hiyo nyingine haikuja.

Nyumbani alikuwapo wifi yake, dada wa mumewe. Alikuwa amekuja kusaidia tangu siku ya ajali. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi, na mikono yake haikujua kutulia.

"Wifi, weka kikombe chini," alimwambia msusi.

"Nakisuuza tu."

"Kitasuuzwa. Kidole kimetoka kupasuliwa, wewe unataka kukitumikisha. Mgonjwa hupumzika. Keti."

Wifi alichukua kitambaa, akaufunga mkono wa msusi na kuuning'iniza shingoni. Msusi hakubisha. Kidole kilimuuma kila alipokigusa. Tena, kusema kweli, alikuwa amechoka. Alikuwa anasuka tangu usichana wake. Mtu akimwambia keti, alikuwa tayari kukaa.

Basi akakaa. Wifi alipika, alifua, alifagia. Mume wa msusi, ambaye alikuwa fundi bomba, aliachiwa nywele za binti yao. Mtoto alikwenda shule na mistari miwili. Mmoja ulikwenda mbele, mwingine ulikuwa bado unatafuta njia.

"Baba amejitahidi," binti alisema, akijishika kichwa.

Lakini mkono ulianza kubadilika. Ulivimba, ngozi ikawa laini na ya kung'aa. Kidole cha shahada kilibaki kimenyooka kama msumari. Vidole vya jirani navyo vilianza kuwa vigumu, ingawa havikuwa vimeumia. Bega likaanza kuuma kwa kufungwa muda mrefu.

Siku moja alikwenda dukani. Alikuwa amesimama kwenye foleni, mkono umelala kifuani. Mwanamke aliyekuwa mbele yake aligeuka.

"Dada, mbona unaninyooshea kidole? Nimekukosea nini?"

"Samahani, mama. Siyo wewe. Chenyewe hakikunjiki."

Wote wawili walicheka. Njiani kurudi nyumbani msusi hakucheka tena.

Jioni hiyo alimwita binti yake, akamketisha katikati ya magoti. Alitaka kumsuka mstari mmoja tu. Alishika chanuo, likaanguka. Akaliokota, akajaribu kubana nywele kati ya kidole gumba na kidole cha shahada. Vidole havikukutana. Nywele zikamponyoka. Alijaribu tena na tena, mpaka mtoto akageuka kumtazama.

Mumewe alikuwa ameketi kwenye stuli, anajifuta grisi mikononi.

"Kazi yangu imekwisha," msusi alimwambia.

Fundi bomba aliacha kujifuta. "Nenda kalale, mke wangu. Tutazungumza kesho."

Kesho yake wifi alikuja na dawa yake. Alikuwa ameambiwa na mtu kwamba kidole kikikauka kinavutwa kwa nguvu mpaka kilegee. Alipaka mafuta, akakishika, akakikunja kwa nguvu zake zote. Msusi alitoa sauti ambayo binti hakuwahi kuisikia. Kabla ya mchana mkono ulikuwa umevimba maradufu.

"Nilitaka kukusaidia," wifi alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Najua, wifi. Lakini usikiguse tena."

Hapo fundi bomba alivaa viatu. "Twende hospitali. Wote watatu, ili kila mtu asikie kwa masikio yake."

Safari hii walikaa korido mpaka wakaitwa. Daktari alikitazama kidole kwanza, akaagiza picha nyingine kuhakikisha mfupa haukuvunjika tena. Haukuvunjika. Kisha akawapeleka chumba cha mwisho.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuwa mwanaume wa makamo mwenye macho ya usingizi. Wagonjwa walimwita Bwana Polepole. Alikuwa amehudumia watu tangu asubuhi, na bado alivuta kiti karibu kama vile ndiye mgonjwa wake wa kwanza.

"Nani alikuwa anakiuguza?" aliuliza.

"Mimi," wifi alisema. "Kwanza nilikipumzisha. Halafu nikakivuta."

"Asante kwa kusema ukweli. Wengi hufanya hivyo hivyo, tena kwa upendo." Aliushika mkono wa msusi kwa uangalifu. "Sikilizeni. Mfupa ulihitaji kutulia ili uunge. Umeshaunga. Lakini viungo vya kidole, hizi sehemu zinazokunjika, haviwezi kukaa bila kutembea. Vikikaa vinakauka. Kovu nalo linagandana na kamba za ndani zinazovuta kidole. Kila siku ya kukaa tu inaongeza ugumu."

"Na kuvuta?" fundi bomba aliuliza.

"Kuvuta kwa nguvu kunajeruhi upya. Kikijeruhiwa kinavimba. Kikivimba hakikunjiki. Mnarudi mlikotoka."

Msusi alikuwa anatazama sakafu. "Niliambiwa nije hapa," alisema. "Nikaona foleni, nikaondoka."

"Umekuja leo," Bwana Polepole alisema. "Tuanze na leo."

Alikitoa kile kitambaa cha shingoni, akakikunja, akamwekea wifi kiganjani. "Hiki kirudi jikoni. Kwanza tupunguze uvimbe. Ukikaa, weka mkono juu ya mto, uwe juu kuliko moyo. Inua mikono juu ya kichwa mara kwa mara, kunja kiwiko na ukunjue. Bega lisilale. Uvimbe ukipungua, loweka mkono kwenye maji ya uvuguvugu kabla ya mazoezi. Uvuguvugu tu, siyo moto."

Kisha alimwonyesha. Kwa mkono wa kushoto, msusi alishika kidole chini kidogo ya kiungo cha katikati. Sehemu hiyo ikatulia. Akajaribu kukunja kiungo cha katikati peke yake, taratibu, bila kusukumwa. Kikasogea kidogo sana.

"Shikilia hapo. Vuta pumzi. Achia."

Halafu alishika juu zaidi, akakunja ncha peke yake. Halafu akakunja vidole vyote kama ndoano. Halafu akajaribu ngumi nzima. Halafu akalaza kiganja juu ya meza na kuvinyoosha vidole, kisha kuvitanua. Mwisho kidole gumba kilikwenda kusalimia kila kidole, kimoja kimoja. Kwa kidole cha shahada, hakikufika.

"Kinauma," alisema.

"Kinauma vipi? Kinavuta au kinachoma?"

Alifikiri. "Kinavuta."

"Kuvuta ni sawa. Kikichoma, simama. Na maumivu yakikaa muda mrefu baada ya kumaliza, au kidole kikiamka kimevimba, ujue umezidisha. Punguza. Fanya kidogo, lakini rudia mara nyingi kwa siku. Usisubiri jioni ukafanya yote kwa mpigo. Kovu nalo, kwa kuwa kidonda kimefunga kabisa, lisugue polepole kwa mafuta ya kawaida."

"Na kazi za nyumbani?" wifi aliuliza.

"Mwachie kazi nyepesi. Akunje nguo, afute meza, asuuze vikombe. Asibebe ndoo wala kukamua nguo nzito mpaka tumwambie. Kidole kikiwa chekundu na cha moto, kikitoa usaha, akipata homa, kikifa ganzi, au kikiacha kabisa kusogea ghafla, msikae nyumbani. Njooni siku hiyohiyo."

Wifi alikuwa anasikiliza kwa makini. "Jirani yetu naye alipasuliwa kidole. Nimwonyeshe haya?"

"Hapana, mama. Huenda yake ni kamba ya ndani iliyokatika ikashonwa. Hiyo ina masharti yake, ukiikunja vibaya inakatika tena. Kila upasuaji una mazoezi yake. Mwambie aulize hospitali yake."

Mwishoni alichukua kisanduku cha kiberiti mezani, akamwambia msusi afunge ngumi kadiri anavyoweza. Kati ya ncha ya kidole na kiganja, kiberiti kilipita kikiwa kimesimama wima.

"Nafasi hii ndiyo tunayoipunguza," alisema. "Haitapungua kwa haraka. Nakuambia mapema ili usije ukanichukia."

Walirudi nyumbani. Msusi alianza. Alifanya mazoezi asubuhi akingoja chai, mchana akiwa ameketi ukumbini, jioni binti akisoma. Uvimbe ulishuka, vidole vya jirani vikalegea. Lakini kile chenyewe kilibaki kigumu. Alikunja, kikasogea kidogo. Siku iliyofuata akakuta kimerudi nyuma, akaanza tena. Ilikuwa kazi isiyo na mteja wala soga, na ilimchosha kuliko kusimama saluni kutwa nzima.

Ilifika siku akakataa. Wifi alimkuta ameketi, mikono imelala mapajani.

"Umefanya ya mchana?"

"Sijafanya. Na sifanyi. Nimechoka, wifi. Kidole kimoja kinanilia maisha yangu yote."

Zamani wifi angejibu kwa maneno mengi. Safari hii alikaa chini kando yake. Akashika kidole chake mwenyewe, chini ya kiungo, kama walivyofundishwa, akaanza kukikunja.

"Unafanya nini? Chako kizima."

"Nakungoja," wifi alisema. "Mimi pia nimechoka. Tufanye kidogo, halafu tunyamaze."

Walifanya kidogo, halafu wakanyamaza. Tangu hapo walifanya pamoja. Siku nyingine binti alijiunga, siku nyingine hata fundi bomba, ambaye vidole vyake vilikuwa vinene na ngumi yake ikachekwa.

Kila walipokwenda kwa Bwana Polepole, alichukua kiberiti. Kiliacha kupita kikiwa wima. Baadaye kilipita kikiwa kimelala ubavu. Baadaye kikapita kwa shida kikiwa kimelala chali. Siku ambayo kidole gumba kilifika kwa kidole cha shahada, msusi aliangalia vidole viwili vimegusana, akavigusisha tena kuhakikisha. Bwana Polepole akamwongezea sponji la kuminya na vibanio vya nguo vya kubana.

"Hakitarudi kuwa kama cha kushoto," alimwambia. "Ncha itabaki na ugumu kidogo. Lakini kazi kitafanya."

Daktari alipokubali, msusi alirudi saluni. Alianza na vichwa vichache, mistari minene, na mapumziko katikati. Alisuka polepole kuliko zamani. Wateja wengine hawakungoja, walikwenda kwingine. Wengine walibaki. Jioni mkono uliuma, akauweka juu ya mto, akafanya mazoezi yake, akalala.

Wifi alikuwa amebakiza siku chache kurudi kwake. Alikuja saluni kuaga, akakaa kwenye kiti cha pili. Kwenye kiti cha kwanza alikuwapo mteja, mwanamke aliyefumba macho kwa uchovu wa kazi zake mwenyewe. Msusi alikuwa anamsuka mistari myembamba, mmoja baada ya mwingine.

Mteja alikunja uso. Akafumbua jicho moja.

"Dada, umenikaza mno. Kichwa kinauma."

Mikono ya msusi ilisimama. Alimtazama wifi kwenye kioo, na wifi alikuwa tayari anamtazama.

"Umesemaje?" msusi aliuliza.

"Nasema umenikaza."

"Pole, mama," msusi alisema, akikitazama kidole kilichokuwa hakiwezi kubana hata unywele. Akaufumua mstari ule, akausuka upya, mara hii kwa ulegevu kidogo.